Leo Nani Kazaliwa?

Kamba iligonga mlingoti, ta, ta, na Sidsel akasimama ghafla katikati ya uwanja wa shule.

Kwao Denmark, sauti hiyo ndiyo humwamsha kila siku yake ya kuzaliwa, baba yake akimpandishia bendera bustanini, kama ilivyo desturi yao. Ndiyo maana, siku darasa lao lilipofika Iowa, Marekani, kuitembelea shule hii, alipoona bendera kila nyumba aliuliza, "Leo nani kazaliwa, mtaa mzima?"

Wenyeji walicheka mpaka wakashika mbavu. Wiki mbili sasa utani ni huo huo.

Na leo kazaliwa yeye kweli. Nani angemwamini?

Mzee anayefagia shule alikuwa ameshaifunga bendera kwenye kamba.

"Babu, naomba niipandishe mimi."

Mzee akampa kamba. Ilikuwa ya baridi, imelowa umande. Sidsel akaivuta taratibu, akiisikiliza inavyogonga.

"We Mdenishi!" sauti zikapaazwa getini. "Leo nani kazaliwa?"

Mikono yake ikakwama. Bendera ikabaki katikati ya mlingoti.

Mzee akamtazama usoni, kisha akavua kofia.

"Unatimiza mingapi, binti?"