Sahani Moja Isebania

"Usinipe shikamoo," Veronika alimwambia Sylvester kabla kijana hajakaa vizuri. "Leo niite Vero."

Sylvester alijaribu. Likatoka "Ve", likagoma hapo hapo. Veronika akacheka mpaka akashika meza. Winfrida, rafiki yake wa kufa na kuzikana, aliyewekwa mlangoni kulinda, akageuka akamkata jicho.

Na kulinda kulihitajika. Veronika ni mjane anayeheshimika Tarime mjini, ana duka la vitenge, na kanisani hukaa benchi la mbele. Nyumbani aliaga kwamba anafuata mzigo Sirari. Mzigo wenyewe ndio huu: kijana mrefu, shati limenyooka kwa pasi, vidole vimechubuka kwa sabuni. Walivuka mpaka hadi Isebania, upande wa Kenya, kwenye kihoteli cha nyama choma, maana upande wa kwao watu wanajuana hadi rangi za ng'ombe. Wakionekana wawili hawa wanakula pamoja, Veronika asingekuwa na pa kuuweka uso, na shughuli ya Jumamosi ingeweza kuvunjika kabisa.

Jumamosi Sylvester alikuwa anapeleka ng'ombe wa mahari kumwoa Eunice. Wakishaingia zizini kwa kina Eunice, basi, yamekwisha. Veronika asingekaa naye tena meza moja, na wakikutana njiani kila mtu angeshika upande wake. Hilo alilijua na alilikubali. Lakini moyo ulimsumbua: mara moja tu, kabla ya siku yenyewe, amwone kwa karibu, ajue huyu kijana ana roho gani.

"Niwaletee sahani moja ama mbili?" mhudumu aliuliza, akiwatazama kwa kicheko cha pembeni.

"Moja," Veronika akajibu haraka. Akasikia mashavu yanawaka.

Nyama ikaja na ugali wa moto. Vidole vyao vilipogusana kwa mara ya kwanza, Sylvester alirudisha mkono mbio na kuuficha chini ya meza.

"Kula, wewe. Mimi siumi watu." Veronika akamsogezea mnofu. "Hivi kazi yako hasa ni ipi? Naambiwa wewe ni meneja."

"Nani kasema?"

"Mjomba wako anatangaza sokoni kote."

Sylvester akatazama nyama. "Mjomba ananikuza tu. Mimi nafua. Kambi ya watalii, kule Robanda. Mashuka, taulo, soksi za wageni."

"Soksi?"

"Soksi. Watu wanashinda kwenye gari kutwa nzima kuangalia simba, hawakanyagi chini. Mpaka leo sijui zinachafukia wapi."

Veronika alipaliwa na ugali, ikabidi apigwe mgongoni. Alipopata pumzi, akajifuta machozi. "Wenzangu wenye maduka wakisikia habari za soksi watanichekea mpaka Krismasi."

"Sasa niseme uongo?"

"Hapana," akasema, na alifurahi kweli. "Na Eunice umemwambia?"

"Siku ya kwanza tu."

"Unampenda?"

"Sana."

Jibu hilo lilimchoma Veronika na kumpendeza kwa pamoja. Akakanda tonge ambalo hakulila. "Na akinuna? Maana yule akinuna, mimi namjua, ni wa siku mbili."

"Namwigizia mtalii aliyeporwa mkate na nyani."

"Hebu."

Sylvester akaona haya, akatazama huku na huku, kisha akasimama. Akakimbia kuzunguka meza akiwa ameshika kofia ambayo haipo, akimsihi nyani kwa Kiingereza cha puani, akiomba mkate wake kwa adabu zote. Kihoteli kizima kikaangua kicheko. Mhudumu aliweka sinia chini ili acheke vizuri. Veronika alikuwa hoi, ameegemea ukuta, kilemba kimemwangukia sikioni.

Winfrida akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu.

Mzee Machage, kaka wa marehemu mume wake Veronika, alikuwa anapanda ngazi na fimbo yake.

Mjane wa benchi la mbele akaingia chini ya meza. Hakujua ameingiaje, ila alijikuta amekumbatia mguu wa meza, na gauni lake jipya liko vumbini.

"Shikamoo mzee," sauti ya Sylvester ilisikika juu yake.

"Marahaba. Kumbe uko huku. Ng'ombe umewaacha na nani?"

"Wanachungwa, mzee."

"Na minyama yote hii unakula na nani?"

Veronika akalivuta pindo la gauni karibu.

"Na njaa yangu, mzee. Nikiwaza Jumamosi, njaa inanishika."

Mzee Machage akacheka, akajichukulia mbavu moja kwenye sahani, akachukua na furushi lake la nyama pale kaunta, akaenda zake.

Veronika alitoka chini ya meza na kilemba mkononi. Walitazamana, wakacheka mpaka Winfrida naye akauacha mlango, akaja kucheka nao. Kijana angeweza kukimbia. Angeweza kubabaika na kumtaja. Hakufanya hivyo, na Veronika aliona ameshapata alichofuata.

Mhudumu akaleta maji. Sylvester akachukua birika, akamnawisha Veronika kwanza, taratibu.

"Haya," Veronika akasema, akikung'uta vidole. "Kuanzia Jumamosi hunijui, sikujui. Lakini nikisikia siku hata moja kwamba umemliza, mila au si mila, nitakuja hadi kwako, nikae nile na wewe sahani moja, ukoo wenu wote unatazama. Mimi mtoto nilizaa mmoja tu, huyo Eunice."