Mvuke wa Mama Kakakuona

Hapo kale, wanyama walipokuwa na vyuo vyao, Kakakuona aliuza wali wa nazi nyuma ya chuo cha pimbi. Mvuke wenye harufu ya iliki ulipanda ukawafunika pimbi kama shuka la usingizi. Waliketi kibarazani macho yamelegea, kila mmoja akiota yuko jikoni kwa mama yake.

"Mama, jiko hili lisizimike milele," walimwambia. Kisha walijinyoosha, wakaenda kula kwa Kiboko, mwenye mkahawa mkubwa na viti vya kuzunguka.

Wali wa Kakakuona ukawa unachacha, na mchele wa kesho hana. Akaona isiwe tabu. Akatia chunguni maji matupu na iliki, akachochea moto.

Pimbi wakafumba macho. "Leo umejipiku, Mama," alisema mkubwa wao. "Wali huu hauna mfano."

Kakakuona alifunua chungu, akawaonyesha. Yale maji akayamwaga motoni, akakunja mkeka wake.

Ndipo pimbi wakamshika mkia wakilia. "Mama, ukiondoka tutakula wapi?"

"Kulekule mlikokula jana," alisema Kakakuona, akaenda zake.