Nani Amebadilisha Kadi Zangu?

Nilipotoka kuoga nilikuta mchezo kwenye simu yangu umesonga mbele raundi tatu.

Ni mchezo wa vikaragosi vya miraba midogo midogo. Wewe unapanga kadi tu, vyenyewe vinapigana. Nilikuwa nimekwama siku nne. Sasa mtu alikuwa ameondoa kadi ya upanga na kuweka ya sumu, ambayo nguvu zake zimeelezwa kwa maandishi madogo kama sisimizi.

Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mama mkwe.

“Mama, umeshika simu yangu?”

“Nimebonyezabonyeza tu. Mimi na kusoma wapi na wapi, mwanangu!”

Puani pake palikuwa na alama mbichi za miwani, ile anayosema ni ya kutungia uzi.

Mwaka mzima nimemsomea jumbe za mwanawe, mume wangu aliye ugenini, nikiruka kila palipoandikwa kwamba nyumba hii ni ya mama.

Simu ikalia mkononi mwangu. Mama akaitupia jicho.

“Ni mwanangu huyo,” alisema kabla sijafungua, akasogea ubavuni mwangu. “Haya, nisomee. Leo usiharakishe.”