Somo la Kusimama Wima

Kanga aliwapeleka wanawe watano shule, wakasomeshwa mtaala uliotungwa na Mkaguzi Korongo. Somo la kwanza lilikuwa hili: mgeni akiingia darasani, simameni wima mmwamkie kwa pamoja. Siku Mwewe alipotua mlangoni, darasa zima likasimama na kusema, "Shikamoo!" Mwewe akamnyakua mwana mkubwa wa Kanga, maana ndiye aliyesimama wima kuliko wote. Kwenye ripoti yake Korongo aliandika: "Nidhamu nzuri sana."

Kanga akawatoa wanne waliobaki, akawafundisha mwenyewe nyumbani: mkiona kivuli, laleni chini, fungeni midomo.

Korongo akamjia juu. "Mama, una cheti gani cha ualimu wewe?"

"Na mwanangu aliyeliwa, ulimpa cheti gani?" Kanga akafoka. "Umelibadilisha lile somo?"

"Mtaala wa nchi nzima haubadilishwi kwa ajili ya kifaranga mmoja!"

Hapo hapo kivuli cha Mwewe kikapita. Vifaranga wakajitupa nyasini, kimya. Mwewe akazunguka weee, hakuona kitu, akaenda zake na njaa.

Walipoinuka, hawakuwa wanne. Walikuwa sita, na wawili kati yao walikuwa na miguu mirefu kama ya Korongo.

"Shikamoo, baba," mmoja akasema kwa woga. "Mama hutuleta hapa kila asubuhi."



"Endelea, Mkaguzi," Kanga akamwambia. "Ulikuwa unasema kifaranga mmoja."