Dumuzi Katika Chumba cha Wachanga

Ukimkuta mwanamke aliyepona saratani ya titi, akashangaa kwa nini daktari bado anaulizia mifupa yake, msimulie habari ya kichuguu hiki.

Dumuzi, wadudu weusi wanaotoboa nafaka, walivamia ghala la mchwa. Jemadari wa mchwa aliwawinda kwa sikio: alibandika kichwa ukutani, akasikia wanakotafuna, akawaua wote. Kukawa kimya. Mchwa wakashangilia ushindi.

Kumbe dumuzi mmoja alikuwa amekimbilia chini kabisa, katika chumba wanamozaliwa askari wote wa kichuguu, kama askari wa damu wanavyozaliwa ndani ya mifupa. Humo mwiko ulikuwa mmoja tu: aliyelala haamshwi. Dumuzi akakunja miguu, akafunga kinywa, akalala katikati ya wachanga.

Misimu mingi ikapita. Siku moja Jemadari, sasa mzee, alishuka kuwatazama wachanga. Akamwona mmoja mweusi, mwenye gamba.

"Bi Mlezi, huyu ni nani?" akanong'ona.

"Huyo? Mtulivu kuliko wote," alijibu mlezi, akimlamba mgongo. "Hasumbui hata kidogo. Namlisha mimi mwenyewe."

Jemadari aliduwaa. Katika vita vyake vyote hakuwahi kuona ustadi kama huu: adui aliyemtafuta kila pembe alikuwa akilelewa humu, bila kutafuna hata mara moja. Akapanua taya zake.

"Taratibu, Jemadari!" mlezi akamzuia. "Utawaponda watoto."

Jemadari akasita. Ndipo, katika kimya kile, akasikia kitu kinaanza kutafuna.