Nafasi ya Jina

Mamba aliyetawala mto alikuwa na karani mmoja, Kima, mwenye haraka zake. Kima alitunga barua moja ya kutumika kila wiki: "Kwa amri ya Mamba, ........ aingie mtoni leo." Pale pa jina alipaacha wazi, akamleta Kasuku awe anapajaza.

"Bwana karani," Kasuku akasema, "nielekeze kwanza majina nitayatoa wapi. Nisipoelekezwa, mimi huandika jina la mwisho nililolisikia."

"Niondolee maelezo! Kasuku wote kazi yao moja. Keti, andika."

Wiki hiyo zamu ilikuwa ya Swala, naye alikuwa amekwisha kuwaaga wanawe. Kabla Kasuku hajagusa kalamu, sauti ya Mamba ikavuma kutoka majini: "Kima! Barua iko wapi?"

Kasuku akaandika. Kima akagonga muhuri bila kusoma, akaikimbiza barua mwenyewe hadi ukingoni.

Mamba akaisoma, kisha akamtazama. "Imeandikwa Kima."

"Mzee wangu, hapo ni Swala! Ni huyu Kasuku, hakuelekezwa!"

"Na muhuri ni wa nani?"

"Wangu, mzee, lakini..."

Hakumaliza. Maji yalipotulia, Swala akaitwa na kukabidhiwa muhuri wa karani. Alimwelekeza Kasuku neno kwa neno, majina yatoke wapi na jina gani lirukwe. Tangu siku hiyo hakuna barua iliyokosewa, na kila wiki kuna mwingine anayewaaga wanawe.