Woga wa Nungunungu

Enzi zile wanyama walipokuwa bado wakishindania ujasiri, Nungunungu aliishi shimo moja na Ngiri. Nungunungu alikuwa mwoga. Likidondoka jani tu, miiba yake hutetemeka na kugongana, ikalia kama kunde kavu kwenye kibuyu. Aliona haya mno.

"Jikaze, jirani," Ngiri alizoea kumwambia. "Moyo wangu mimi haujui kudunda."

Alasiri moja Chui akatokea. Ngiri akainua mkia akatimka, na ule moyo usiojua kudunda ukamtangulia. Nungunungu naye alitaka kukimbia, lakini wanawe walikuwa wamelala ndani. Akasimama mlangoni akitetemeka mwili mzima, na miiba ikalia kwa kishindo hata Chui akasita.

"Humo mko wangapi?"

"Niko mimi mama yao, nami naogopa sana," Nungunungu akajibu. "Lakini hapa sibanduki. Sogea, ukitaka."

Chui akaitazama ile miiba iliyosimama, akaionea huruma pua yake, akageuka.

Jioni Ngiri akarudi kwa kunyata. "Jirani, ulijikazaje hata usitetemeke?"

Nungunungu akainua kichwa, miiba yote wima.

"Nimetetemeka kuliko siku zote," akasema. "Ila leo nimetetemekea mlangoni."